Seramu ya niasinamaidi yaniwasha, niitupe?

SWALI: Anti shikamoo. Chunusi zimeisha lakini zimeniachia madoa meusi mashavuni. Rafiki yangu kanipa seramu ya Kikorea ya niasinamaidi asilimia 10, napaka asubuhi na usiku, siku ya tatu uso wawasha kama pilipili. Niitupe? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiitupe, ipumzishe kwanza mpaka uso utulie. Niasinamaidi ni vitamini B3, haichubui kama zile krimu za zebaki (hizo nakuomba usiziguse kabisa), yenyewe yapunguza rangi inayopanda juu ya ngozi ndo madoa yanafifia polepole, tena yasaidia ngozi kushika maji na kupunguza mafuta, na sisi wa pwani na hili joto saa sita tu paji la uso lishang'aa. Shida yako ni kipimo. Huko Korea Kusini kwenyewe serikali inaikubali kama kiungo cha kung'arisha ngozi kwa asilimia 2 mpaka 5, sasa wewe umeanza na 10 mara mbili kwa siku, ngozi lazima ilie!

Tafuta ya 5, matone mawili matatu usiku, siku moja upake siku moja upumzike, halafu losheni juu yake. Asubuhi sanskrini (krimu ya kukinga jua) yenye SPF, yaani kipimo cha kinga, 30 kwenda juu, hata kama ni kuvuka feri tu, maana lile jua la kwenye foleni ndilo linalokoleza madoa. Jipe wiki 8 hadi 12. Uso ukivimba, muone daktari wa ngozi.