Nikiruka, mkojo unanitoka

Tangu niandike juu ya goti la mkimbiaji, meseji zinazoingia kwa wingi si za goti tena. Ni za wanawake, nyingi zimetumwa usiku wa manane, na karibu zote zinaanza na "samahani kwa swali hili". Msiombe samahani. Nimechagua tano.

Shikamoo dokta. Nina miaka 19, nacheza netiboli chuoni. Nikirukia mpira mkojo kidogo unanitoka. Sijazaa. Huu ni ugonjwa gani?

Marahaba mdogo wangu, ila mimi si dokta, ni mtu wa fiziotherapia. Na hauko peke yako. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wanamichezo 144 wa vyuo vikuu, wasichana ambao hawajazaa: 28% walisema mkojo huwavuja wakiwa mchezoni. Kwenye jimnastiki walikuwa 67%, mpira wa kikapu 66%, tenisi 50%. Gofu? Hakuna hata mmoja. Gofu hairukwi.

Chini ya kibofu kuna misuli iliyotandikwa kama kitanda cha kamba, kuanzia mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma. Ndiyo sakafu ya nyonga. Kila unapotua, uzito wote wa tumbo unakishukia kitanda hicho. Kamba zikiwa zimelegea, au zikichelewa kukaza hata kwa nukta moja, mkojo unapenya. Unaweza kuwa na mapaja ya chuma na tumbo lenye vipande sita, na bado kamba hizo hujawahi kuzifanyisha mazoezi. Kwa hiyo usijione mgonjwa. Una msuli uliosahauliwa, na msuli hufundishika.

Mazoezi ya Kegel nayaona mtandaoni yanauzwa kama mambo ya chumbani. Ndiyo hayohayo ya kuzuia mkojo kuvuja? Nitajuaje kama nayafanya sawasawa?

Ndiyo hayohayo. Arnold Kegel alikuwa daktari wa wanawake Marekani, na mwaka 1948 aliandika juu ya mazoezi haya kwa ajili ya wanawake waliokuwa na shida baada ya kujifungua, ikiwemo mkojo kuvuja. Hayo ya chumbani ndiyo yanayochangamsha biashara.

Lala chali, kunja magoti. Jifanye uko ndani ya daladala iliyojaa na hewa inataka kukutoka: izuie. Kisha bana na njia ya mkojo, halafu vuta vyote viwili kwenda juu, ndani ya mwili. Makalio yatulie, mapaja yatulie, pumzi iendelee. Wengi hukosea hapo: wanakata pumzi, wanakaza makalio, au wanasukuma chini kama wanaokwenda haja kubwa, na huko ni kuzidi kuichosha sakafu yenyewe. Chukua kioo uangalie. Ukibana, eneo lililo kati ya uke na njia ya haja kubwa linatakiwa kupanda juu. Likitokeza nje, unasukuma.

Shikilia sekunde 6 hadi 8, ukishindwa anza na 3, kisha legeza kabisa kwa muda uleule. Kulegeza nako ni zoezi, usikuruke. Rudia mara 8 hadi 12. Hiyo ni seti moja. Kwa siku fanya tatu. Ukizoea kulala, fanya ukiwa umekaa, kisha umesimama, mwisho ukiwa unachuchumaa na kuruka, maana mechi haichezwi mtu akiwa amelala chali. Jizoeze pia kubana kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuruka, si baada yake.

Jipe miezi mitatu. Wanaoniambia "nimejaribu, haifanyi kazi" nikiwauliza, wengi walijaribu wiki mbili. Na usifanye mazoezi ya kukatisha mkojo katikati ukiwa chooni, unakizoesha kibofu kutomaliza kazi yake.

Kama unasikia maumivu ukibana, au wakati wa tendo la ndoa, acha kwanza. Huenda misuli yako imekaza kupita kiasi, na kuikaza zaidi ni kuongeza tatizo. Mwone mtaalamu.

Siku ya mechi siku hizi sinywi maji kabisa. Inasaidia.

Haisaidii, dada. Mkojo mzito huchokoza kibofu kikazidi kukusumbua, na juani utaishiwa nguvu kabla ya nusu ya pili. Kunywa kama kawaida, punguza kahawa na soda za kuongeza nguvu, nenda chooni kabla ya kupasha mwili. Jitibu pia kama hupati choo vizuri: kusukuma kila siku kunailegeza sakafu hiyohiyo.

Mimi ni kocha wa voliboli, mwanamume. Mchezaji wangu mmoja anakwepa mazoezi ya kuruka. Nimuulizeje?

Usimuulize yeye peke yake, kocha, utamfukuza timuni. Zungumza na timu nzima kama unavyozungumza juu ya vifundo vya miguu, kisha mwachie daktari wa timu au dada mmoja mnayemwamini aendelee. Ruhusu kwenda chooni bila kuomba mbele ya watu. Na zile bukta nyeupe, kama uamuzi ni wako, badilisha leo.

Nimejifungua wiki saba zilizopita. Naweza kurudi kwenye mbio?

Hongera, mama. Mbio bado. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza unashauri usianze kukimbia kabla ya miezi mitatu. Tembea na anza kubana taratibu. Ukihisi uzito ukeni, kama kitu kinataka kushuka, rudi kliniki.

Ila kwa mama yeyote anayesoma hapa: mkojo ukitiririka mfululizo mchana na usiku tangu uchungu mrefu wa uzazi, bila kuruka wala kukohoa, hilo silo tunalozungumzia. Hiyo yaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke. Kegel haizibi tundu. Upasuaji ndio tiba yake kuu. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT huitibu bila malipo, na Bukavu, Kongo, ipo hospitali ya Panzi. Ukiwa mbali, anzia zahanati ya karibu, sema neno "fistula", na uombe rufaa.