Mungu Anapoongoza Bila Kueleza

Mkristo anayepita katika kipindi ambacho haijui kesho yake hupewa shauri moja na karibu kila anayekutana naye: mtumaini Mungu. Shauri hilo ni la kweli, lakini mara nyingi hutolewa kwa haraka, na aliyepewa huondoka akiwa bado hajui afanye nini Jumatatu asubuhi. Mimi nililisikia sana wakati mkataba wangu wa kazi ulipokwisha na haukuongezwa, huku ada za watoto na kodi ya nyumba zikiwa palepale. Ninaandika kwa ajili ya walio katika hali ya namna hiyo sasa: wanaosubiri majibu ya vipimo, wanaoomba kupata mwenzi wa maisha, na wanaotakiwa kukata shauri kati ya njia mbili zinazoonekana kuwa sawa.

Jambo la kwanza ni kuchunguza tunaomba nini hasa tunapoomba Mungu atuongoze. Nilipoyatazama maombi yangu ya siku zile, niliona kwamba sehemu kubwa ilikuwa kudai kuonyeshwa mambo yatakayotokea, ili nipate kutulia kabla hata ya kutembea. Maandiko hayaahidi hivyo. Waraka kwa Waebrania unasema Ibrahimu alitoka asijue aendako, na mtunga Zaburi ya 119 aliposema Neno la Mungu ni taa ya miguu yake, aliifikiria taa ya zama zake, yaani kibakuli cha udongo chenye mafuta na utambi, ambacho mwanga wake ulitosha hatua chache tu za mbele. Anayeongozwa na Mungu anaweza kabisa kuwa hajui mwaka ujao atakuwa wapi.

Mstari ambao Wakristo wengi huushika katika nyakati hizi ni Yeremia 29:11, unaosema kwamba mawazo ya Mungu kwetu ni ya amani wala si ya mabaya. Nami niliushika, lakini faraja yake iliongezeka nilipousoma pamoja na mistari inayouzunguka. Yale maneno yamo ndani ya barua ambayo Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, uhamisho uliotukia mwaka 597 kabla ya Kristo. Katika sura iliyotangulia, nabii Hanania alikuwa amewatangazia watu kwamba mambo yote yangerudi kama zamani ndani ya miaka 2. Yeremia akasema ni miaka 70. Kwa hiyo ahadi hiyo tamu ilitolewa kwa watu ambao wengi wao wangezeekea na kufia ugenini, na kabla ya kuitoa, Mungu aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule waliopelekwa. Naona hapo ndipo uongozi wenyewe ulipokuwa. Hawakupewa maelezo ya kila mwaka katika ile miaka 70. Walipewa kazi ya mwaka ule. Hanania ndiye aliyekuwa na ujumbe unaopendeza masikioni, na akina Hanania wapo hata leo.

Niliposhika hilo, nilichukua daftari, nikaandika upande wa kushoto mambo niliyokuwa nayajua na upande wa kulia yale nisiyoyajua. Nilitazamia upande wa kulia ujae, na kweli ulijaa: nitapata kazi lini, akiba itafika wapi, je, tuhame? Lakini ule wa kushoto nao ulikuwa mrefu. Nilijua kwamba nilipaswa kumweleza mwenye nyumba ukweli kabla siku ya kodi haijafika. Nilijua kwamba mama yangu alihitaji mtu wa kumpeleka kliniki, na kwamba watoto wa shule ya Jumapili walikuwa bado wananitegemea. Barua za kuomba kazi nazo zilikuwa zinangoja kuandikwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji ufunuo mpya. Tangu siku hiyo nikawa naomba kwa ajili ya upande wa kulia, kisha nafunga daftari na kwenda kufanya ya upande wa kushoto. Wasiwasi haukuisha, ila ulikosa nafasi ya kunitawala kutwa nzima.

Kuhusu ishara nitasema kwa kifupi. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo uwanjani, lakini alifanya hivyo baada ya Mungu kuwa amekwisha kusema naye waziwazi, na hatuambiwi popote kwamba tumfanye kuwa kielelezo cha kuamua mambo. Ninaogopa zaidi kipimo kingine tunachokitumia bila kufikiri, kile cha kusema kwamba jambo fulani ni la Mungu kwa sababu moyo una amani nalo. Yona alilala usingizi mzito ndani ya merikebu akiwa anamkimbia Mungu, naye Bwana Yesu alihuzunika kiasi cha kufa pale Gethsemane akiwa katikati ya mapenzi ya Baba yake. Utulivu wa moyo ni zawadi njema, lakini peke yake haukati kesi.

Kinachosaidia zaidi ni washauri. Tafuta watu wawili au watatu waliokomaa katika imani, wanaokufahamu vya kutosha kukuambia usilotaka kusikia, na ambao hawatapata faida yoyote kutokana na utakachoamua. Sharti hili la mwisho ni zito. Mtu akikujia na neno la "Bwana ameniambia" linalohusu ndoa yako au fedha zako, huna haja ya kumdharau, lakini una agizo la Paulo kwa Wathesalonike la kuyajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Neno linalotoka kwa Mungu haliogopi kupimwa, wala halikuharakishi utoe jibu kabla hujarudi nyumbani na kumwambia mkeo au mumeo.

Ukishaomba, ukayapima Maandiko na kusikiliza washauri, na bado njia mbili zikabaki zote ni halali, chagua na uende. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, Paulo na wenzake walikatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika jimbo la Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa tena, wakashuka hadi Troa. Maono ya mtu wa Makedonia yaliwakuta wakiwa safarini, tena baada ya milango miwili kufungwa bila sababu kutajwa. Walivuka kwa uhakika kwamba Mungu amewaita, na huko Filipi Paulo na mwenzake Sila wakapigwa bakora na kutupwa gerezani. Basi magumu yakikukuta baada ya uamuzi ulioufanya kwa maombi, usikimbilie kusema kwamba ulipotea njia.

Kazi niliyoipata baadaye ina mshahara mdogo kuliko ile ya kwanza, na mpaka leo siwezi kueleza kwa nini ile ya kwanza iliondoka. Ninapopewa nafasi ya kushuhudia kanisani husema hivyohivyo, ingawa najua baadhi ya wasikilizaji wangependa nimalizie kwa habari ya cheo kikubwa zaidi. Wanaonifuata nje baada ya ibada kutaka kuzungumza huwa ni wale ambao bado wanasubiri.