Mkristo kukata bima: nilichojifunza kwenye kikapu cha mchango

Miaka sita niliendesha pikipiki kati ya Masasi na vijiji vya upande wa Ndanda bila bima. Pesa ya kulipia nilikuwa nayo, ila niliamini ni dhambi. Mimi ni katekista, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwa Mathayo 6:34, msisumbukie ya kesho. Nilifika mahali nikasema mbele ya waumini kwamba anayekata bima anajitabiria mabaya. Maneno hayo leo nayafuta, na naomba aliyenisikia asome hapa.

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umepamba moto. Mtoto wa shule alitokea nyuma ya fuso lililokuwa likipakia magunia, nikamgonga. Mguu ulivunjika mahali pawili. Nilikaa naye mchangani nimemshika kichwa, na kiatu chake cha plastiki cha bluu kimenasa kwenye stendi ya pikipiki. Hata sasa nikifumba macho nakiona.

Matibabu yalimaliza malipo yangu yote ya mnada wa kwanza wa korosho na bado yalidai. Jumapili Padre akatangaza mchango. Nilikuwa benchi la mbele, nikaona kikapu kinavyopita: noti za 500, sarafu za 200. Bibi mmoja mjane, ambaye mwaka ule ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ulikuwa umemharibia mikorosho, alifungua pindo la kanga akatoa 1,000 iliyokunjwa ikawa ndogo kama kifungo. Mama wa mtoto, Mwislamu, alikuwa ameketi nje chini ya mwembe akitusubiri tumalize.

Ndipo nikaelewa. Ile niliyokuwa nikiiita imani ilikuwa na gharama, na gharama hiyo nilikuwa nimemwachia mjane.

Baadaye nilikutana upya na Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta juu ya dari, yaani paa, kwa maana nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare na watu walikaa juu yake. Asipoweka, mtu akaanguka, damu iko juu ya nyumba hiyo. Sijawahi kusikia mhubiri akisema ukuta ule ni kumkosea Mungu imani. Umewekwa kwa ajili ya mgeni atakayepanda. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inafanya kazi hiyo hiyo: haitengenezi pikipiki yako, inamfidia uliyemuumiza. Tena hapa Tanzania ni lazima kisheria, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha watu kutii mamlaka nilikuwa naivunja kila siku.

Na Mathayo 6? Yesu anakataza kusumbuka. Yusufu hakusumbuka, lakini katika miaka saba ya shibe alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri. Alipanga kwa sababu alimwamini Mungu aliyesema njaa inakuja. Onyo la tajiri mpumbavu wa Luka 12, aliyetegemea maghala yake, nalo liko palepale, maana ghala likikulaza usingizi kuliko Mungu, umeshaanguka. Hilo kila mtu ajipime mwenyewe.

Wengine wataniambia, “Mwalimu, si kanisa lipo la kuchukuliana mizigo?” Lipo, na lilinibeba. Lakini hata sisi tuna vikundi vya kufa na kuzikana, kila mwezi tunaweka kidogo kabla msiba haujabisha hodi. Hakuna anayekiita kikundi hicho ukosefu wa imani. Bima ni wengi kuweka kidogo kidogo vilevile, kwa mkataba.

Basi ndugu yangu, lipa wakati wa minada. Ukisubiri Machi pesa ya korosho imeshakwenda kwenye ada na mahindi, hutalipa tena. Hakiki namba ya stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa sababu stika feki hukuumbua siku ya ajali. Muulize wakala kwa Kiswahili chepesi ni yapi hayalipwi, usiondoke hujaelewa. Na bima ya afya ya familia usiiache nyuma.

Jambo moja nalishikilia zaidi ya yote: usidanganye kwenye madai. Kijana wa kwetu aliniomba niseme kwamba siku ya ajali pikipiki yake iliendeshwa na kaka yake mwenye leseni. Nilikataa, akanuna hadi Pasaka. Pesa ile ni michango ya watu waliolipa kwa haki, na kuichukua kwa uongo ni wizi.

Msimu uliofuata nilikata bima kabla hata ya kununua salfa ya kupulizia mikorosho. Nilikwenda kumweleza mama wa yule mtoto, ambaye sasa anatembea, ingawa anachechemea kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama na wale wenye fuso wanayo.