Umejuaje? Kuthibitisha jibu la ufahamu kwa maneno ya kifungu

Kwenye ufahamu wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya), karatasi ya pili ya Kiswahili, wenye alama 15, maswali ya "taja" hayamsumbui mtu: jibu limo ndani ya aya. Wengi hukwama kwenye "thibitisha" na "unafikiri ni kwa nini", maana hapo mwandishi hakusema wazi, ameacha dalili tu.

Tazama mistari hii:

"Mama aliusukuma wali kidogo uliobaki upande wa watoto. 'Mimi nimeshakula kwa jirani,' alisema, akajimiminia kikombe cha tatu cha maji."

Je, mama amekula? Thibitisha.

Anayejibu "Ndiyo, amesema mwenyewe" ameshika maneno akaacha matendo. Kauli ya mhusika inathibitisha jambo moja tu, kwamba aliitamka. Anayejibu "Hapana, kwa sababu ni maskini" ameleta habari ya kwake. Umaskini haumo humo. Pengine ni mwisho wa mwezi.

Jibu linalosimama lina dai, ushahidi na kiungo: "Hajala. Anawaachia watoto wali kidogo uliobaki huku yeye akinywa kikombe cha tatu cha maji. Anajaza tumbo kwa maji, na kusema amekula ni kuwatoa watoto wasiwasi." Sentensi ya mwisho ndiyo kiungo, na ndiyo inayosahaulika sana. Mwanafunzi hunukuu vizuri, kisha humwachia msahihishaji kazi ya kueleza nukuu ile inahusu nini.

Utasema labda ana kiu tu. Pingamizi halali! Maji peke yake ni kiu. Maji pamoja na wali uliosukumwa yanaelekea kwenye njaa. Kwa hiyo tafuta dalili mbili, na usome hadi mwisho kabla ya kuandika. Aya ya mbele ikisema jirani yuko safarini tangu juzi, ushahidi huo unazidi dalili zote.

Soma mara ya kwanza bila kalamu, pitia maswali, kisha rudi na penseli upigie mstari kitendo chenyewe, si sentensi nzima. Maneno matano hadi kumi ya kunukuu yanatosha. Kunakili aya yote huonyesha kwamba hujui ushahidi uko wapi.

Halafu funika dai lako kwa kidole, usome ushahidi peke yake. Ukikupeleka kwingine, badilisha dai. Jihadhari pia na "daima" na "kabisa": ukiandika kwamba mama huyu hujinyima siku zote, kifungu kimekuonyesha mlo mmoja tu.