Kamanda Akizunguka Nyumba, Usidhani Anapoteza Muda

Nimefanya kazi ya zimamoto miaka mingi, na swali tunalopokewa nalo karibu kila tunaposhuka garini ni hili: "Mbona hammwagi maji?" Siwalaumu wanaouliza. Nyumba inaungua, mama analilia mwanawe, na ofisa wetu badala ya kukimbilia mlangoni anaizunguka nyumba akitazama juu. Wengine humvuta shati. Tafadhali mwacheni azunguke.

Anausoma moshi. Moshi mweusi, mzito, unaosukumwa kwa nguvu kwenye nyufa za dirisha humwambia kwamba chumba kimekaribia kuwaka chote kwa mpigo mmoja. Joto la darini likifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kochi, pazia na zulia hushika moto karibu wakati mmoja, na askari aliyeko ndani hata mavazi yake hayamwokoi kwa muda mrefu. Anaangalia pia nyaya za umeme, mitungi ya gesi, na dirisha ambalo mtu anaweza kuteremshwa kwa ngazi. Ndipo anapoamua nani aingie na kupitia wapi.

Wakati huo wenzake hawajakaa. Dereva yuko kwenye pampu, wawili wanatandika mipira, mmoja anatafuta maji. Tenki la gari nililoanzia kazi lilikuwa la lita 2,000. Mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, hizo ni dakika 5 tu. Ndiyo maana naumia nikikuta gari limeegeshwa juu ya haidranti, yaani bomba la barabarani tunalochotea maji ya kuzimia moto.

Ndani tunaingia wawili wawili, hakuna anayeingia peke yake, na wawili wengine husubiri nje wakiwa wamevaa kila kitu, tayari kutufuata tukikwama. Mlangoni kuna mtu anayeandika majina na saa ya kuingia. Mtungi wa hewa ulioandikwa dakika 30 hauishi dakika 30 kwa mtu anayetambaa gizani akivuta mpira uliojaa maji. Hata 20 anaweza asizifikishe. Tunapapasa ukutani kwa mkono mmoja, chumba hadi chumba, ili ukuta huohuo uturudishe nje.

Hapo ndipo tunapowahitaji ninyi. Siku moja watu kama kumi walitupigia kelele kwamba kuna mpangaji ndani, kila mmoja akionyesha dirisha lake. Wenzangu wawili walimaliza hewa yao ghorofa ya juu. Mpangaji alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, hakuna aliyemhesabu. Tangu hapo, popote ninapopata nafasi ya kusema na wakazi, nasema hivi: kubalianeni mapema mahali pa kukutania, mhesabiane, kisha mtu mmoja, mmoja tu, amfuate kamanda amweleze nani hajaonekana, hulala chumba gani, na mlango wake ni upi. Kama hamna hakika, semeni hamna hakika. Tutamtafuta hivyohivyo, ila tutajua pa kuanzia.

La pili ni mlango. Ukitoka, urudishie nyuma yako, usiukomee. Niliwahi kuingia nyumba ambayo sebule ilikuwa imebaki majivu, nikafungua mlango wa chumba cha watoto uliokuwa umerudishiwa: shuka zilikuwa bado nyeupe. Ni mlango wa mbao wa kawaida kabisa. Moto uliofungiwa hukosa hewa ukadhoofu. Majirani wema wanaovunja madirisha ili moshi utoke huwa wanaupelekea kile ulichokikosa, na nimeona moto uliokuwa wa chumba kimoja ukachukua paa kwa sababu hiyo. Sisi pia huvunja madirisha, lakini mpira ukiwa tayari una maji.

Kingine, hata miali ikizimika msirudi ndani kuokoa vitu. Mtatuona tukibomoa dari na kupasua kuta, na najua inauma kuona nyumba yako ikibomolewa na waliokuja kuiokoa. Tunatafuta makaa yaliyojificha, kwani tukiyaacha tutaitwa tena usiku uleule. Na hewa ya humo bado ina kaboni monoksaidi, ambayo hamuioni wala hamuinusi. Subirini mpaka kamanda mwenyewe aseme ingieni.