Kabla Hujalifungua Boksi la Kadi za Besiboli za 1987

Nilipokuwa nikiishi Cincinnati, Marekani, jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa akijiandaa kuhama, aliniuzia boksi la kadi za besiboli, yaani kadi zenye picha za wachezaji, za kampuni ya Topps za mwaka 1987, ambalo pakiti zake zote zilikuwa bado zimefungwa. Nililifungua pamoja na mwanangu juu ya meza ya jikoni, tukiwa tumenawa mikono na kuikausha vizuri, na ningependa aliyepata boksi kama hilo, kwa kurithi au kwa kununua, asikimbilie kuchana pakiti kama nilivyotaka kufanya mimi.

Anza kwa kuzichunguza pakiti zenyewe. Zilifungwa kwa karatasi yenye nta, na kwa kuwa nta hulainika kwa joto kidogo tu, mtu asiye mwaminifu anaweza kuifungua pakiti, akachomoa kadi nzuri na kuifunga tena. Geuza kila pakiti uangalie mikunjo ya nyuma: ukiona nta imetapakaa nje ya mahali pake, au karatasi ina mikunjo miwili pale panapopaswa kuwa na mmoja, mrudishie muuzaji.

Boksi lina pakiti 36, na kila pakiti ina kadi 17, yaani kadi 612, ilhali seti kamili ya mwaka huo ni kadi 792. Kwa hiyo boksi moja haliwezi kukupatia seti nzima, hasa kwa kuwa baadhi ya kadi hujirudia. Ndani ya kila pakiti mna pia kipande cha bigijii ambacho sasa kimekauka na kuvunjika kama kigae. Kitupe, na kadi iliyogusana nacho uiweke kando, kwa sababu mara nyingi huwa imeachiwa doa.

Suala la thamani ndilo linalowaumiza wengi. Watu wamesikia kwamba kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, wakadhani kila kadi ya zamani ni mali. Lakini kadi za 1952 ni adimu kwa sababu watoto walizichezea zikachakaa, na shehena iliyobaki ghalani ilitupwa baharini, kama alivyosimulia Sy Berger, aliyekuwa mtumishi wa Topps. Kadi za 1987 zilichapishwa kwa wingi mno, na wanunuzi wakazihifadhi wakitumaini kutajirika. Kitu ambacho kila mtu amekitunza hakiwezi kuwa ghali, na ndiyo maana nyingi kati ya kadi hizo huuzwa kwa senti chache.

Kinachobaki kuzitofautisha ni hali ya kadi. Katika pakiti ya tisa tuliikuta kadi ya Barry Bonds, ambaye baadaye alifikisha homurani 762 (mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kupata pointi), idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia katika ligi kuu. Mwanangu alipiga kelele za furaha. Niliiweka kadi chini ya taa na kuipima kwa rula: ukingo wa kushoto ulikuwa milimita 3 na wa kulia milimita 2, yaani picha imeegemea upande mmoja kwa 60 kwa 40, kasoro iliyotokea kiwandani na isiyorekebishika. Kisha niliiinamisha kwenye mwanga, nikaona kona moja imechubuka na weupe wa karatasi umejitokeza, jambo linaloonekana upesi kwenye kadi hizi kwa kuwa kingo zake zimechorwa kama mbao za kahawia. Kadi ya namna hiyo haifai kupelekwa kwa wathamini wanaoipa hali ya kadi alama 1 hadi 10, kwani ada yao ingezidi bei ya kadi yenyewe. Unapotafuta bei, angalia zile ambazo kadi zimeuzwa kweli, wala si zile ambazo wauzaji wanaomba.

Kadi unazotaka kuzitunza zivalishe kwanza mfuko laini wa plastiki, ndipo uziingize kwenye ganda gumu, na uziweke mahali pakavu pasipo jua. Sisi tulivalisha 11 tu. Mojawapo ni ya Barry Larkin, mzaliwa wa Cincinnati aliyeichezea Reds, timu ya mji huo, maisha yake yote ya ligi kuu. Kona zake si kamili, lakini mwanangu hataki kusikia habari ya kuiuza, nami sijamshawishi.