Viini Vinane na Gunia Moja Kubwa: Niliyojifunza Kuhusu Kugawa Kazi Ndani ya Programu

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea sayansi ya kompyuta hapa hapa Dodoma. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nimeandika programu kwa lugha ya Python inayohesabu maneno kwenye faili za maandishi. Kompyuta yangu ina viini vinne. Kwa uzi mmoja ilichukua dakika tatu. Nikaongeza nyuzi hadi mia mbili, sasa inachukua dakika tatu na nusu. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. (Kwa wasomaji wageni: kiini ni sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo, na uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo ambao kiini hupewa kuutekeleza.) Nimeusoma ujumbe wako mara kadhaa, kwa sababu jambo hilo hilo ndilo lililoniaibisha miaka mitatu iliyopita mbele ya watu niliowaheshimu. Niruhusu nikujibu kwa kirefu, kwani naamini wapo wengi ambao, kama wewe na mimi, wanataka kuandika programu zitakazotegemewa na watu katika kazi zao za kila siku.

Wakati huo nilikuwa nimepewa kazi na mfanyabiashara wa nafaka na alizeti mwenye vituo vinane vya ununuzi kati ya Dodoma na Singida. Makarani wa kila kituo walipiga picha za stakabadhi za mizani kwa simu, na jioni picha zote zilitumwa ofisini kwake, ambako programu yangu ilitakiwa kuzinyoosha, kusoma tarakimu za uzito na kutoa jumla ya kila mkulima kabla ya malipo ya asubuhi. Niliiandika kwa lugha ya Go na nilijivunia sana kwamba inafanya kazi sambamba, kwa kuwa nilianzisha gorutini nane (gorutini ni kazi nyepesi ambayo Go huweza kuiendesha sambamba na nyingine), moja kwa kila kituo. Kwenye kompyuta yake ya zamani yenye viini vinne, kazi ya jioni moja ilikwisha kwa dakika 41. Nilimshauri anunue nyingine yenye viini vinane, nikamwahidi kwamba muda ungepungua karibu nusu.

Mzee alinunua. Siku ya kuijaribu alikuja na mhasibu wake pamoja na wanawe wawili, wakasimama nyuma ya kiti changu huku nikiendesha programu kwa picha zile zile za jaribio la kwanza. Ilikwisha kwa dakika 41.

Hakunifokea. Aliuliza kwa sauti ya chini tu: "Binti yangu, mashine hii nimeinunua kwa fedha ya mahindi. Mbona haina tofauti na ile?" Sikuwa na jibu. Hadi leo nikipita karibu na ofisi ile nalisikia swali lake, na sioni haya kukiri kwamba bado linaniuma.

Walipoondoka nilibaki pale pale. Nilifungua dirisha la htop, ambalo huonyesha kila kiini kwa mstari wake, nikaiendesha programu upya na kutazama bila kugusa chochote. Mistari yote minane ilijaa mara moja. Ilipofika dakika ya sita, mmoja baada ya mwingine, mistari saba ilikuwa imeshuka hadi karibu sifuri, na mmoja tu ulibaki umejaa asilimia 100. Ulibaki hivyo hadi dakika ya 34, kisha hatua ya mwisho ya kujumlisha na kuandika ripoti ikachukua dakika saba nyingine, nayo ilitumia kiini kimoja. Nilifungua mafolda ya picha na kuyalinganisha. Folda la Kibaigwa, kwenye lile soko kubwa la mahindi, lilikuwa na picha nyingi kuliko za vituo vingine saba vikijumlishwa. Kumbe iwe viini vinne au vinane, gorutini ya Kibaigwa ilikuwa moja, na gorutini moja haiwezi kuendeshwa na viini viwili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mratibu, yaani ile sehemu inayoamua kazi ipi iende kwenye kiini kipi na kwa wakati gani. Katika mfumo endeshi wa Linux mratibu yumo ndani ya kerneli, yaani kitovu cha mfumo huo, na hugawa nyuzi. Go ina mratibu wake wa pili, anayekaa ndani ya programu yenyewe na kupanga maelfu ya gorutini juu ya nyuzi chache. Tangu toleo la 1.5 la Agosti 2015, idadi ya nyuzi zinazoendesha msimbo wa Go kwa wakati mmoja imewekwa kuwa sawa na idadi ya viini, isipokuwa ukiibadilisha mwenyewe. Kila nafasi ya kuendeshea ina foleni yake ya gorutini zinazosubiri. Foleni ikiisha, mratibu hakai bure, bali huenda kwenye foleni ya jirani na kuchukua nusu ya zilizomo. Mbinu hii ya kuchukua kazi ya jirani ilichambuliwa kwa kina na Robert Blumofe na Charles Leiserson katika kazi yao ya lugha ya Cilk kule chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1990, na ninaiona kuwa mojawapo ya fikra nzuri kabisa katika fani yetu, kwa sababu anayetafuta kazi ni yule asiye na kazi, na aliyeelemewa haachi shughuli yake ili agawe.

Nimekulia wilaya ya Kongwa, na jambo hili nililiona utotoni kwa wachukuzi wa mizigo wa Kibaigwa kabla sijagusa kompyuta. Wakimaliza kushusha lori moja, wanahamia lori la jirani na kuanza kubeba magunia yake bila kusubiri kuitwa. Lakini mchukuzi hawezi kukusaidia ikiwa shehena yako yote umeishona kuwa gunia moja. Mimi nilikuwa nimemshonea mratibu gunia moja la ukubwa wa Kibaigwa nzima, kisha nikamlaumu kwa kutolibeba upesi.

Nilijirekebisha vibaya mara ya kwanza. Usiku ule ule nilianzisha gorutini moja kwa kila picha, maelfu kwa mpigo. Gorutini yenyewe ni nyepesi, huanza na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu yake, lakini kila moja ilifungua picha nzima ndani ya kumbukumbu, na kompyuta ilijaa hadi kipanya kikagoma kusogea. Marekebisho yaliyofaa yalikuja kesho yake: gorutini nane tu, na picha zote katika foleni moja bila kujali zimetoka kituo gani. Gorutini inayomaliza picha huchukua inayofuata. Sasa hata kama picha moja ni nzito, inamchelewesha mmoja kwa sekunde chache, na wengine saba wanaendelea.

Muda ulishuka kutoka dakika 41 hadi 15. Mzee alipoiona alicheka na kuagiza soda za watu wote ofisini, na nakiri kwamba siku hiyo nilitembea kifua mbele hadi nyumbani Nkuhungu.

Huenda ukajiuliza kwa nini viini vinane havikuleta kasi mara nane. Kwa kiini kimoja kazi yote ilihitaji dakika 70: dakika 63 za kusoma picha, ambazo zinagawika, na dakika saba za kuandika ripoti, ambazo hazikugawika. Sitini na tatu ukizigawanya kwa nane unapata karibu nane, ukiongeza saba zinakuwa 15. Hiyo ni kasi ya mara 4.7 tu. Mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl alieleza hoja hii mwaka 1967, na maana yake ni kwamba hata ningepewa viini elfu moja, nisingeshuka chini ya dakika saba bila kuigusa ile ripoti.

Sasa nikurudie, mdogo wangu. Tatizo lako linafanana na langu kwa nje, ila chanzo chake ni kingine. Python ya kawaida ina kufuli moja kuu linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, na nyuzi hupokezana kufuli hilo, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 5. Nyuzi zako mia mbili zilikuwa zikigombea ufunguo mmoja, na ile nusu dakika iliyoongezeka ni gharama ya kugombea. Nyuzi zinafaa pale programu inaposubiri mtandao au diski. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilileta muundo wa majaribio usio na kufuli hilo, lakini kwa kazi yako ya chuo tumia michakato minne inayojitegemea, yaani programu yako ikiendeshwa mara nne kwa pamoja, kila mmoja na mfasiri wake wa Python, hivyo na kufuli lake, na uigawie faili chache chache badala ya robo nzima kwa mpigo.

Nawasihi wote mnaosoma: pimeni kabla ya kuongeza chochote. Msiongeze nyuzi kabla ya kupima, wala msimshauri mtu anunue mashine kabla ya kupima, maana fedha hiyo ni jasho la mtu, nanyi mmekabidhiwa imani yake. Mimi nilitoa ahadi ambayo kuitazama mistari minane kwa dakika sita tu kungenionyesha kuwa haina msingi, na mzee yule alilipia uvivu wangu.

Kisha niandikie tena, mdogo wangu, na unitumie mambo matatu: ukubwa wa faili lako kubwa kuliko yote, jumla ya ukubwa wa faili zote, na picha ya mistari ya viini vyako ikiwa programu imefika katikati.